Mfuniko wa chujio la mchanga

Mfuniko wa chujio la mchanga ni kizibo kikubwa kinachofunga tangi la kuchujia maji ya bwawa la kuogelea. Kupitia tundu la mfuniko huo fundi hutoa mchanga uliochakaa, huingiza mpya na kukagua mabomba ya ndani. Kwa kawaida mchanga hubadilishwa baada ya miaka 5 hadi 7, kwa hiyo mfuniko unaweza kukaa muda mrefu bila kuguswa. Katika matangi ya zamani ni jambo la kawaida kukuta umekwama kabisa.

Kuufungua huonekana kuwa kazi ndogo, lakini tangi hilo ni chombo cha kanieneo (presha). Mfuniko ukiachia wakati ndani bado mna hewa iliyobanwa, hurushwa kwa nguvu inayoweza kuua. Ndiyo sababu watengenezaji wengi hubandika kwenye tangi onyo la hatari ya kifo, onyo ambalo kwenye chujio kuukuu huwa limekwisha kufifia kwa jua au kubanduka.

Chujio linavyofanya kazi

Kuchuja maji kwa mchanga kulianza muda mrefu kabla ya mabwawa ya kuogelea kuenea. Mwaka 1829 mhandisi James Simpson alijenga vitanda vya mchanga vya kuchujia maji ya mto Thames kwa ajili ya kampuni ya maji ya Chelsea mjini London. Faida yake ilionekana wazi mwaka 1892, kipindupindu kilipoua zaidi ya watu 8,000 katika mji wa Hamburg nchini Ujerumani, uliokuwa ukitumia maji ya mto Elbe bila kuyachuja. Mji jirani wa Altona, uliochukua maji ya mto huohuo lakini ukayapitisha katika mchanga, ulipata wagonjwa wachache zaidi.

Vitanda hivyo vilikuwa wazi na maji yalishuka polepole kwa uzito wake. Chujio la bwawa ni tofauti: mchanga umefungiwa ndani ya tangi, na pampu husukuma maji kuupita kwa kasi. Tangi la siku hizi hutengenezwa kwa plastiki au faibaglasi. Mengi ya zamani yalikuwa ya chuma. Mchanga wake si wa ujenzi bali ni wa kwazi uliochekechwa, wenye punje za takriban nusu milimita. Maji machafu huingia juu, hushuka katikati ya punje na kuacha uchafu humo, kisha hukusanywa chini na vijibomba vyenye nyufa nyembamba na kurudi bwawani.

Kadiri uchafu unavyojaa, maji hupita kwa shida na geji ya presha iliyo juu ya tangi hupanda. Ikizidi kiwango chake cha kawaida kwa takriban bar 0.5 hadi 0.7, mhudumu huzima pampu, hugeuza mkono wa vali ya njia nyingi na kuliosha chujio kinyumenyume: maji huingia chini, huunyanyua mchanga na kutoka na uchafu kwenda kwenye mfereji wa maji taka. Kazi hiyo haihitaji kufungua mfuniko. Kwa hiyo mtu anaweza kuhudumia bwawa kila wiki kwa miaka mingi bila hata kujua kama mfuniko unageuka.

Aina za mifuniko

Aina ya kwanza ni mfuniko wa skrubu, ulio na nyuzi pembeni na masikio au mabonde ya kushikia spana maalumu ya plastiki. Baadhi huingia ndani ya shingo ya tangi, na baadhi hulifunika shingo kwa nje kama kizibo cha chupa. Tofauti hii ni muhimu wakati wa kutumia joto, kama inavyoelezwa chini.

Aina ya pili hufungwa kwa bolti na nati kadhaa kuzunguka ukingo. Hupatikana zaidi kwenye matangi makubwa ya hoteli, shule na mabwawa ya umma.

Katika aina ya tatu hakuna mfuniko wa peke yake: vali ya njia nyingi yenyewe ndiyo hukaa juu ya tangi, na hushikwa na pete ya kubana yenye vipande viwili na bolti mbili. Hapa mabomba yanayoingia kwenye vali sharti yafunguliwe kwenye viungo vyake, au yakatwe, kabla vali haijanyanyuliwa.

Katika aina zote, maji huzuiwa kuvuja na pete ya mpira ambayo mafundi wengi huiita oringi. Mfuniko haupaswi kubana kwa nguvu za misuli. Kinachoziba ni mpira uliobonyezwa kidogo.

Kwa nini mfuniko hukwama

Sababu ya kwanza ni oringi yenyewe. Mpira uliokaa miaka katika maji ya klorini na joto huvimba au kukauka, hushikamana na plastiki na kuwa kama umegundishwa. Grisi isiyofaa huharakisha hali hiyo. Oringi nyingi za mabwawa hutengenezwa kwa mpira wa aina ya EPDM, ambao huvimba na kulainika ukipakwa grisi ya petroli, kama ile ya magari au jeli ya kupaka mwilini. Inayofaa ni grisi ya silikoni.

Sababu ya pili ni chokaa. Maji magumu yanapopenya kidogo kwenye nyuzi na kukauka, huacha fuwele za kalsiamu kabonati ambazo hujaza nafasi zote kama saruji. Tatizo hili hujulikana vizuri kwenye sehemu za Unguja na pwani ya Kenya, ambako visima vingi vimechimbwa katika miamba ya matumbawe, na maji yake huwa na chokaa na chumvi. Chumvi nayo hula bolti na nati, hasa pale metali mbili tofauti zinapogusana.

Punje za mchanga zilizoachwa kwenye nyuzi siku ya kujaza tangi hufanya kazi kama kabari. Mkono wa binadamu nao una lawama: maji yakionekana kuvuja kidogo, wengi huongeza kukaza badala ya kubadilisha oringi, na kila mwaka mfuniko huzidi kung'ang'ania.

Sababu moja husahaulika mara kwa mara. Ikiwa chujio limewekwa juu zaidi ya usawa wa maji ya bwawa, pampu inapozimwa maji ya ndani ya tangi huvuta kurudi bwawani na kuacha ombwe hafifu chini ya mfuniko. Tofauti ya kimo cha mita 1 huleta mvuto wa takriban bar 0.1. Kwenye mfuniko wenye kipenyo cha sentimita 20, hewa ya nje huukandamiza kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 32 hivi. Hapo fundi anaweza kuhangaika na spana nusu saa nzima, kumbe kinachotakiwa ni kufungua skrubu ndogo ya kutolea hewa.

Hatari ya kanieneo

Mfuniko wa sentimita 20 una eneo la takriban sentimita za mraba 314. Pampu inapofanya kazi na geji kuonyesha bar 1, maji husukuma mfuniko huo kwa nguvu inayolingana na kilo 320, yaani zaidi ya uzito wa mifuko sita ya saruji. Nguvu hiyo yote huzuiliwa na nyuzi za plastiki au bolti chache.

Maji peke yake hayana hatari kubwa ya kurusha kitu, kwa sababu hayabanwi kwa urahisi. Mfuniko ukiachia kidogo tu, kanieneo hushuka mara moja. Hewa ni kinyume chake. Hubanwa kama springi, hutunza nishati, na ikipata nafasi hutanuka ghafla na kuendelea kusukuma mfuniko hata baada ya kuachia. Hewa huingia kwenye tangi kwa njia rahisi tu: usawa wa maji ya bwawa umeshuka chini ya tundu la kuvutia, mfuniko wa kikapu cha pampu hauzibi vizuri, au tangi limefunguliwa kwa matengenezo na kufungwa tena. Kwa maneno mengine, hewa huwa nyingi zaidi ndani ya tangi katika siku ileile ambayo mtu anashughulika na mfuniko.

Kutokana na hilo, njia mbili ambazo watu hujaribu wanapokata tamaa ndizo mbaya kuliko zote. Moja ni kuwasha pampu ili presha "iusukume" mfuniko utoke. Nyingine ni kuingiza hewa kwa kompresa. Zote mbili hugeuza mfuniko kuwa risasi, na aliyeuinamia ndiye shabaha.

Maandalizi kabla ya kufungua

Umeme wa pampu huzimwa kwenye swichi kuu, si kwenye saa ya kuwashia pekee. Pampu nyingi huwashwa na saa zenyewe, na saa haijui kwamba kuna mtu ameshika spana juu ya tangi. Pale ambapo watu wengine wanaweza kufikia swichi, ni desturi nzuri kuifunga au kuweka mtu wa kuilinda.

Kisha vali za bomba la kuingilia na la kurudishia hufungwa. Hatua hii ni ya lazima ikiwa chumba cha mitambo kiko chini ya usawa wa bwawa, kama ilivyo katika hoteli nyingi. Hapo uzito wa maji ya bwawa hubaki ukisukuma hata pampu ikiwa imezimwa: kwa tofauti ya mita 2, mfuniko wa sentimita 20 husukumwa kwa nguvu ya kilo 60 na kitu, wakati geji ya zamani ikisomeka karibu na sifuri. Bila kufunga vali, kufungua mfuniko ni kulifungulia bwawa zima liingie chumbani.

Baada ya hapo skrubu ya kutolea hewa hufunguliwa mpaka mlio wa hewa ukome, na kizibo cha chini cha tangi huondolewa ili maji yatoke. Geji haitoshi kuwa ushahidi. Geji iliyochakaa inaweza kuganda kwenye sifuri, kwa hiyo kinachoaminika ni tundu lililo wazi ambalo halitoi tena hewa wala maji. Ikiwa skrubu ya hewa imeziba au haipo, geji yenyewe inaweza kufunguliwa taratibu kwenye tundu lake, uso ukiwa kando.

Kufungua mfuniko wa skrubu

Kwanza uchafu wote kuzunguka mfuniko husafishwa kwa brashi na maji, hasa mchanga uliojificha kwenye mwanya kati ya mfuniko na shingo. Kama kuna ukoko mweupe wa chokaa, siki ya kawaida hufaa. Kitambaa kilicholoweshwa siki huzungushwa kwenye mwanya na kuachwa kwa saa kadhaa au usiku mzima, kikiloweshwa tena kinapokauka. Asidi ya siki huyeyusha kabonati polepole na kutoa viputo vya kabonidioksidi. Asidi hidrokloriki, ambayo huuzwa kwa ajili ya kurekebisha maji ya bwawa, hufanya kazi haraka zaidi, lakini hula metali na kuunguza ngozi na macho. Kwa kazi hii haina ulazima.

Asidi yoyote, hata siki, isikutane na klorini ya bwawa. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, gesi ileile iliyotumiwa kama silaha karibu na Ypres nchini Ubelgiji mwaka 1915. Katika chumba kidogo cha mitambo ambamo ndoo za klorini huhifadhiwa pembeni, tahadhari hii si ya nadharia.

Joto husaidia kwa sababu plastiki hutanuka na mpira hulainika. Maji ya moto kiasi, yanayokaribia yale ya kuoga lakini ya moto zaidi kidogo, humiminwa juu ya sehemu iliyo nje: ikiwa mfuniko umelifunika shingo, mfuniko ndio upashwe moto, ikiwa mfuniko umeingia ndani ya shingo, shingo ndiyo ipashwe moto. Kinyume chake huongeza kubana. Moto wa gesi au bunduki ya kuchomelea plastiki hupinda nyuzi, na mfuniko ukishapinda hautaziba tena hata ukifunguliwa.

Ndipo zamu ya nguvu inapofika, na hapa ubora wa nguvu ni zaidi ya wingi wake. Spana ya mtengenezaji ikikosekana, ubao mgumu wa urefu wa mita 1 au zaidi hukatwa vijibonde viwili ili ushike masikio ya mfuniko pande zote mbili. Watu wawili husukuma, kila mmoja ncha yake, kinyume cha mwendo wa saa. Nguvu mbili zinazolingana huzungusha mfuniko bila kuulalisha upande mmoja. Bomba refu lililochomekwa kwenye sikio moja tu kwa kawaida hulivunja sikio hilo, na baada ya hapo hakuna tena pa kushika. Mkanda wa kufungulia filta za magari, ule wa mpira au turubai, hufaa pia kwa mifuniko isiyo na masikio.

Wakati mmoja anasukuma, mwingine hugonga ukingo kwa nyundo ya mpira, kidogokidogo, kwa kuzunguka. Mtetemo huvunja ukoko wa chokaa na kuachanisha oringi. Nyundo ya chuma na patasi havina nafasi hapa. Plastiki iliyopigwa na jua miaka mingi hupasuka kama chungu.

Tangi nalo lazima lizuiwe lisigeuke. Tangi la kipenyo cha milimita 600 huwa na mchanga wa kilo 130 hivi na huonekana kama halitikisiki, lakini ubao mrefu unaweza kulizungusha na kukata mabomba ya ubavuni. Mara nyingi mkanda mpana uliozungushwa tangi na kufungwa kwenye nguzo hutosha. Ni busara pia kutotoa mchanga kwanza hata kama kuna tundu la kutolea, kwa kuwa uzito wake ni msaada.

Mfuniko ukianza kusogea, hurudishwa kidogo na kugeuzwa tena, ili punje za mchanga zisisage nyuzi.

Bolti na pete za kubana

Nati za mfuniko wa bolti hulegezwa kwa kufuata mstari wa msalaba, kila moja kwa robo mzunguko, na hakuna inayoondolewa kabisa mpaka mfuniko wenyewe umeachana na tangi. Sababu ni rahisi: kama kuna presha iliyosalia, itavuja wakati nati bado zimeushika mfuniko. Anayeondoa nati zote moja baada ya nyingine huiacha ya mwisho ibebe mzigo wa zote.

Nati iliyoshika kutu hukatwa kwa msumeno wa chuma. Mafuta ya kulegeza kutu husaidia, lakini baadhi hudhoofisha plastiki, kwa hiyo hupakwa kwa tone kwenye bolti tu na kufutwa. Bolti mpya za chuma kisichoshika kutu ni gharama ndogo ukilinganisha na tangi.

Pete ya kubana hulegezwa vivyo hivyo, pande zote mbili kwa zamu. Vali ikiisha kuachia hunyanyuliwa wima. Katikati ya tangi kuna bomba linaloshuka hadi kwenye vijibomba vya chini. Likivutwa au kuzungushwa pamoja na vali, vijibomba huvunjika chini ya mchanga, na dalili yake huja kuonekana baadaye kama mchanga unaotiririka bwawani.

Ukaguzi na kufunga tena

Mfuniko unapotoka, tundu la bomba la katikati huzibwa kwa mfuko au gundi ya karatasi kabla mchanga wowote haujaguswa. Mchanga ulioshikana kuwa mabonge au wenye njia zilizochimbwa na maji hauchuji tena na hubadilishwa. Mchanga mkavu wa kwazi hutoa vumbi linaloharibu mapafu, kwa hiyo huloweshwa kabla ya kuchotwa, na barakoa huvaliwa wakati wa kumimina mpya.

Mfuniko huangaliwa kwenye mwanga. Nyufa nyembamba kama unywele, hasa kwenye mizizi ya nyuzi au kuzunguka matundu ya bolti, zinatosha kuukataa. Hilo ni kweli pia kwa shingo ya tangi, na hapo ndipo wamiliki wengi huona ugumu: mfuniko hununuliwa, lakini shingo iliyopasuka maana yake ni tangi jipya. Kuziba ufa kwa gundi au faibaglasi kwenye sehemu inayobeba kanieneo si matengenezo.

Oringi mpya huwekwa kila mara, hata kama ya zamani inaonekana nzuri. Bonde lake hufutwa kwa kitambaa, nyuzi husuguliwa kwa mswaki, na grisi ya silikoni hupakwa kwa utando mwembamba. Mfuniko wa skrubu hukazwa kwa mkono, kisha huongezwa kidogo kwa spana pale tu mtengenezaji anapoelekeza.

Pampu huwashwa skrubu ya hewa ikiwa wazi na vali zote zikiwa zimefunguliwa, naye anayewasha husimama mbali na tangi, takriban mita 3. Hewa hutoka kwa mlio, kisha huchanganyika na maji. Mkondo unapokuwa wa maji matupu, pampu huzimwa, skrubu hufungwa, na pampu huwashwa tena. Mfuniko ukivuja katika hatua hii, haukazwi pampu ikiwa inafanya kazi. Mfumo huzimwa, presha hutolewa, na oringi hutazamwa upya.